Mvunaji na Mwokotezaji: Taabu ya Mkulima katika Picha ya Millet

Katika mhadhara huu ninakusudia kueleza jinsi picha moja ya rangi za mafuta inavyoisawiri taabu ya maisha ya shambani, na kwa nini jina tutakaloipa picha hiyo kwa Kiswahili si jambo dogo. Picha yenyewe ni *Des glaneuses* ya mchoraji Mfaransa Jean-François Millet. Ilionyeshwa katika maonyesho ya Salon mjini Paris mwaka 1857, na leo imehifadhiwa katika makumbusho ya Musée d'Orsay mjini humo. Millet alizaliwa mwaka 1814 katika familia ya wakulima huko Normandy, akafanya kazi za shamba ujanani mwake. Basi alichokichora hakukijua kwa kusimuliwa.

Tuanze na kile kinachoonekana. Wanawake watatu wamo katika shamba la ngano lililokwisha kuvunwa. Wa kwanza, aliyefunga kitambaa cha buluu kichwani, ameinama. Mkono mmoja ameunyoosha kuelekea ardhini, na mwingine ameukunja mgongoni, umeshika masuke aliyokwisha kuyapata. Wa pili, mwenye kitambaa chekundu, naye ameinama, na vidole vyake vimefika kwenye mabua. Wa tatu ameinama nusu, wala hatuwezi kujua kama anainuka au anarudi chini. Tukiwatazama kwa pamoja, twaona hatua za tendo moja linalorudiwa mchana kutwa. Nyuso zao zimo kivulini na hazisomeki vyema. Hakuna anayelia, hakuna anayeomba. Mchoraji ameiweka taabu mgongoni, hakuiweka usoni.

Sasa tutazame mbali, nyuma ya wanawake hao. Huko, penye mwanga mkali, kuna marundo makubwa ya mavuno, mkokoteni uliosheheni miganda, kundi la vibarua, na upande wa kulia mtu aliyepanda farasi akisimamia kazi. Vitu hivi vimechorwa vidogo, lakini ndivyo vinavyoikamilisha maana. Tukiifunika kwa mkono sehemu hiyo ya nyuma, tutabaki na picha ya wanawake watatu wenye bidii. Tukiifunua, bidii hiyo inageuka kuwa swali: iweje shamba lililozaa kiasi kile liwape hawa masuke ya kujaza kiganja tu? Hoja yangu ni kwamba Millet hausawiri ufukara kama hali ya mtu peke yake. Anausawiri kama uhusiano, yaani umbali uliopo baina ya marundo yale na viganja hivi.

Ili kuufahamu umbali huo, hatuna budi kuijua desturi yenyewe. Ufaransani, maskini wa vijijini waliruhusiwa tangu zamani kuingia mashambani baada ya mavuno ili wajipatie kilichosazwa. Ruhusa hiyo ilikuwa na mipaka. Sheria ya adhabu ya mwaka 1810 ilikataza kuokoteza katika shamba ambalo mavuno yake hayajaondolewa yote, na pia kabla ya jua kuchomoza au baada ya kuchwa. Hata masazo, basi, yalikuwa na saa zake.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotudai uangalifu. Mtu akiitafsiri anwani ya picha hii kuwa "Wavunaji", atakuwa ameipindua, kwani wavunaji ni wale wa nyuma. Akisema "Waokota Masuke", amekaribia, lakini kuokota kwaweza kuwa tendo la mara moja: mtu huokota shilingi njiani akaenda zake. Kitenzi *okoteza* kinaongeza maana ya kukusanya kidogo kidogo, kimoja baada ya kingine, kama *sikiliza* inavyoongeza maana ya kudumu na kutia nia juu ya *sikia*. Kwa hiyo "Waokoteza Masuke" ndiyo tafsiri inayobeba mgongo ulioinama. Kiambishi kimoja kinafanya kazi ambayo Millet aliifanya kwa miili mitatu.

Waswahili wana methali isemayo: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Nayo yasifu uokotezaji, kwamba mwenye kuhangaika hakosi kitoweo. Lakini upwa hauna mwenyewe. Bahari hutoa bila msimamizi. Shamba la Millet lina mwenyewe, na msimamizi yuko juu ya farasi. Bidii ni ile ile, ila ardhi si ya mwenye bidii. Tofauti hiyo ndiyo inayoitenga picha hii na nasaha ya kawaida kuhusu juhudi za kazi.

Watazamaji wa 1857 waliielewa tofauti hiyo, na baadhi yao walitishika. Mapinduzi ya 1848 yalikuwa yamepita miaka 9 tu. Mhakiki Jean Rousseau, katika gazeti la Le Figaro, alidai kuona nyuma ya wanawake hao silaha na majukwaa ya kukatia vichwa ya mwaka 1793. Lakini katika picha hamna silaha hata moja. Kilichomo ni miili mizito iliyopewa hadhi na nafasi ya mbele ambayo wachoraji wengi walikuwa wamezoea kuwapa watakatifu na wafalme.

Nawaachia wanafunzi wa lugha funzo moja. Anayeisoma kazi ya sanaa inayohusu wakulima asiridhike kuuliza ni nani anayeteseka. Aulize pia mavuno yamekwenda wapi, kisha achague kitenzi kisichoficha jibu. Tukiwaita waokotezaji "wavunaji", tutakuwa tumewapa kwa maneno kile walichonyimwa shambani, na picha itakuwa imenyamazishwa.