Ukiacha Ajira, Kinga ya Familia Yako Inabaki Wapi?

 

Kijana wetu mmoja kutoka Wete ametuletea suala. Amefanya kazi miaka tisa katika kampuni ya mbao Mafinga, mkoani Iringa, na sasa anaacha ajira. Amenunua Fuso, na nia yake ni kuchukua mbao za Mafinga, mbatata za Mbeya na mchele wa Kyela hadi Dar es Salaam, ili bidhaa zivushwe kuja Unguja na Pemba. Mkewe na watoto watatu wako Wete. Ametuuliza: bima ni halali au haramu?

Kabla ya kumjibu tulimuuliza sisi: ile kinga uliyokuwa nayo kazini inakwisha siku gani? Hakujua. Tunaona wengi wako hali hiyo, kwa hiyo tumeandika kwa faida ya wote.

Mwajiriwa hukatwa fedha kila mwezi na aghalabu hazifikirii tena. Nyuma ya makato hayo kuna mambo matatu.

La kwanza ni matibabu. Mwanachama wa NHIF kupitia mwajiri huchangiwa asilimia 6 ya mshahara, nusu yake na nusu ya mwajiri, na kadi huwahudumia yeye, mwenza wake na wategemezi hadi wanne. Michango ikikatika, kadi hufungwa. Mara nyingi mtu huyajua haya mapokezi ya hospitali, mtoto akiwa begani na homa. Vifurushi vya kujilipia mwenyewe vipo, lakini kwa kawaida baadhi ya huduma zina muda wa kusubiri. Basi ulizia ungali kazini, wala usingoje mke awe karibu kujifungua.

La pili ni ajali za kazini. Huku bara, mwajiri ndiye anayechangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), na mfanyakazi hakatwi chochote. Ukijiajiri, hakuna mwajiri wa kukuchangia. Tena hesabu inageuka: ukimwajiri dereva na utingo, wewe ndiwe mwajiri, na haki yao iko shingoni mwako. Atakayeteremka Mlima Kitonga na mzigo wako usiku ana watoto kama ulivyo wewe. Kumwacha bila kumsajili ni dhulma.

La tatu ni uzeeni. Michango ya NSSF, ambayo ni asilimia 20 ya mshahara kwa jumla, haipotei unapoacha kazi. Lakini pensheni ya uzeeni inataka miezi 180. Ndugu yetu ana miezi 108, bado 72. Anaweza kuendelea kuchangia akiwa amejiajiri. Ajue pia kwamba fao la kukosa ajira halimhusu aliyejiuzulu kwa khiyari yake. Na ayatazame majina ya wanufaika aliyoyaandika alipoanza kazi, huenda alikuwa hajaoa. Aliyeandikwa jina hapokei mali awe mmiliki peke yake. Fedha za marehemu zilizokuwa milki yake hugawiwa warithi wote kisheria.

Sasa tuje kwenye hukumu. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu iliyo chini ya OIC, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1985, iliamua kwamba bima ya biashara yenye malipo maalumu ina gharari kubwa inayoharibu mkataba, na badala yake ikaelekeza bima ya ushirikiano. Msingi wa kusaidiana tunao. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliwasifu watu wa kabila la Ash'ari kwa kuwa chakula kikiwapungukia hukikusanya pamoja na kukigawa sawasawa.

Takaful imejengwa juu ya msingi huo. Wachangiaji hutoa kwa nia ya kusaidiana, mfuko ni wao, msimamizi hulipwa ujira wake, na fedha haziwekezwi katika riba.

Ndugu zetu, hapa ndipo penye jambo. Ulipoajiriwa, mwajiri alichagua na wewe ukakatwa. Hukuwa na khiyari. Leo mkataba unausaini wewe, na udhuru ule umeondoka. Bima ya mtu wa tatu sheria inailazimisha kwa kila gari linalotembea barabarani, na aliyelazimishwa hana dhambi akiishia kwenye kile kilicholazimishwa. Lakini mwenye njia ya halali hana dharura. TIRA imetoa mwongozo wa takaful mwaka 2022, na Shirika la Bima la Zanzibar lina ZIC Takaful. Aanze kuulizia huko, kwa gari na kwa mzigo, kabla hajakata bima kubwa ya kawaida.

Na aseme kweli. Mwenye kuandikisha gari kuwa la matumizi binafsi, kisha akalipakia magunia ya watu, ameghushi, na siku ya ajali hatalipwa.

Wako wasemao kwamba kufanya hivi ni uchache wa tawakkul. Sivyo. Nabii Yusuf (A.S.) aliweka nafaka ya miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya ukame, na hakuna aliyemshinda kwa tawakkul katika watu wa Misri.

Basi kabla ya kurudisha funguo za ofisi, kaa na mkeo, hata kwa simu. Andikeni: kadi inakwisha lini, nani atatibiwa kwa nini, gari lina kinga gani, madeni ni kiasi gani na nani anayajua. Familia ni amana, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Tunamuomba Allah awape vijana wetu rizki ya halali na awarudishe salama kwa watu wao. Amin.

Wallahu a'lam.