Mwangwi Unaofichua Kilango Kibovu

Msomaji wa Likasi, Katanga, mama anayeuza unga sokoni, ameniletea swali. Mishipa imemtokeza mguuni kama kamba, na jioni kifundo kinavimba. Munganga, yaani daktari, amemwandikia ekografia. "Mimi si mjamzito," anasema, "ekografia ya nini?"

Mama, mashine hiyo ni ya mwili mzima. Hutoa sauti nyembamba kupita usikivu wetu: sikio la mtu hukomea kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, nayo ya kupimia mguu hutetema mara milioni kadhaa. Sauti huingia, hugonga nyama na kuta za mishipa, hurudi. Ninyi Katanga mmefuata Kifaransa mkasema ekografia. Dar es Salaam na Nairobi wanasema ultrasaundi. Mimi naomba tuseme "picha ya mwangwi", kwa sababu mwangwi ndiyo kazi yenyewe: kuita bondeni na kusikiliza kinachorudi. Na vali za mishipa tuziite vilango. Vali inanuka tairi la baiskeli, kilango kinajieleza.

Vilango hivyo ndivyo vinavyonifurahisha. Fikiria wachimbaji waliojipanga ndani ya shimo, mmoja juu ya mwingine, wakipokezana mfuko wa mawe hadi juu. Kila mmoja akiupokea, haurudi chini tena. Damu ya mguuni hupanda hivyohivyo kuelekea moyoni. Misuli ya shavu la mguu ndiyo inayosukuma, vilango ndivyo vinavyoshika. Sasa mmoja aachie: mfuko unamwangukia wa chini yake, naye anaelemewa, anaachia, na wa chini yake vilevile. Mshipa unajaa, unatanuka, unajipinda. Anayesimama kutwa bila kutembea hunyima safu hiyo msukumo.

Mwangwi unajuaje kwamba damu inaanguka? Mwaka 1842 Christian Doppler, Mwaustria, alieleza kwamba wimbi hubadilika chanzo chake kikisogea. Mwaka 1845 Mholanzi Christoph Buys Ballot akawapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni, na wanamuziki waliosimama kando ya reli wakasikia noti ikipanda treni ilipowajia, ikashuka ilipowapita. Ninyi mliokua na honi za treni za madini mnaijua sauti hiyo. Chembe za damu ni treni ndogo: zikikisogelea kipimio kilichowekwa mguuni, mwangwi wake hurudi mwembamba zaidi; zikikiacha, hurudi mzito. Kwa hiyo munganga atakusimamisha, atakuminya shavu la mguu, damu ipande. Akiachia, mguu wenye afya hunyamaza. Kwenye mshipa mbovu damu hurudi chini, rangi inayoonyesha mwelekeo wake kwenye skrini hugeuka, na damu ikiporomoka zaidi ya nusu sekunde, kilango kibovu kimepatikana.

Tiba hufuata picha ileile. Dawa ya povu huingizwa kwa sindano huku ncha yake ikitazamwa kwenye skrini. Kuta za mshipa mbovu hugandana, na damu hupita kwenye mishipa mizima.

Mwilini kuna pia limfu, majimaji yenye mishipa yake. Hutambaa polepole mno kwa kipimo hiki cha Doppler, lakini huko nako picha ya mwangwi huonyesha ngoma yake. Mwaka 1994 watafiti wa Recife, Brazili, walieleza jinsi walivyowaona minyoo wa matende wakiwa hai, wakijinyonganyonga ndani ya mishipa ya limfu ya wanaume. Wataalamu huuita mwendo huo ngoma ya filaria, kwa jina la minyoo hao. Mgonjwa akishapewa dawa, ngoma ikinyamaza, minyoo wamekufa.

Kwa hiyo nenda, mama, ukapimwe. Na wewe msomaji, mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usiuchue wala kuukanda: huenda damu imeganda ndani. Munganga ataubonyeza mshipa kwa kipimio. Mshipa mzima hubonyea ukalala. Wenye bonge hukataa. Wahi hospitali siku hiyohiyo.