Uvimbe wa Aota: Pale Figo Zinapohesabiwa Dakika

Aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ina upana wa sentimita 2 hivi inapopita tumboni. Uzee, sigara, presha au maambukizi vikiudhoofisha ukuta wake, hutoa nundu kama tairi lililochoka. Aota ikifika upana wa sentimita 3 tayari ni uvimbe, ikifika 5.5 kwa mwanamume, madaktari huanza kupanga upasuaji. Ikipasuka, wagonjwa wengi hufa kabla ya kufika hospitali.

Kwenye picha ya CT, daktari wa upasuaji huangalia kwanza nafasi kati ya uvimbe na mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Nafasi ikitosha, aota hubanwa chini ya mishipa hiyo na figo huendelea kupata damu. Uvimbe ukiwa umeigusa, hapana budi kubana juu yake, na papo hapo figo hukosa damu. Kwa kawaida huvumilia takriban nusu saa. Zaidi ya hapo madhara huongezeka haraka. Ndiyo maana humiminiwa maji ya chumvi yenye baridi ya nyuzi 4, ili zitumie oksijeni kidogo. Wakati huo daktari hupasua uvimbe, huondoa damu iliyoganda, kisha hushona mrija wa poliesta kwenye ukuta wa aota usioathirika. Kibano hulegezwa polepole, maana presha inaweza kushuka ghafla.

Mwaka 1990, Juan Parodi wa Buenos Aires alipitisha mrija kupitia mshipa wa kinena bila kufungua tumbo. Lakini karibu na figo, mrija huo huhitaji matundu yanayolingana na mishipa ya mgonjwa. Ni ghali, na mara nyingi kuutengeneza huchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo mkono wa mshonaji bado unahitajika.

Umbali nao ni kikwazo: mgonjwa wa Lodwar, kaskazini-magharibi mwa Kenya, husafiri zaidi ya kilomita 300 kufika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Eldoret. Uvimbe uliopasuka haungoji safari hiyo. Uliogunduliwa mapema, ungali sentimita 4, hungoja: mgonjwa huacha sigara, hudhibiti presha na hupimwa tena kwa ratiba. Kinachougundua ni ultrasaundi, mashine ileile inayopima wajawazito, kwa dakika chache na bila maumivu. Mwanamume aliyefika miaka 65 na aliyewahi kuvuta sigara amwombe daktari kipimo hicho, hata kama haumwi popote.