Andalio la Somo Huanzia Kwenye Kosa la Mtoto

Mwanafunzi wa darasa la tano ameitwa ubaoni. Anaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Amejumlisha vya juu, kisha vya chini. Mwalimu anafuta, anamwambia atafute kigawe kidogo cha shirika, somo linaendelea. Dakika 40 zinakwisha. Mtoto anaondoka na kanuni mpya kichwani, lakini fikra iliyomkosesha haijaguswa.

Mwalimu huyo hesabu anazijua. Kinachompungukia ni maarifa ya aina nyingine, ambayo Lee Shulman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, aliyaeleza katika makala yake ya mwaka 1986. Shulman alisema kujua somo ni jambo moja, na kujua namna ya kulifanya lieleweke kwa mwingine ni jambo jingine: mifano ipi inafaa, wapi pagumu, na wanafunzi huja darasani na dhana gani potofu.

Turudi ubaoni. Mwalimu mwenye maarifa hayo hafuti haraka. Anauliza: "Ukiwa na nusu chapati, ukaongezewa theluthi, utakuwa na zaidi ya nusu au pungufu?" Darasa zima litajibu zaidi. Lakini 2/5 ni pungufu ya nusu! Hapo mtoto anaona mwenyewe kwamba jibu lake haliwezekani. Kisha chapati inakatwa vipande sita vilivyo sawa: nusu ni vipande vitatu, theluthi ni viwili, jumla vitano kati ya sita. Sasa kigawe kidogo cha shirika kina kazi inayoonekana: kukata vipande vya ukubwa mmoja ili viweze kuhesabika pamoja.

Maarifa haya hayaji yenyewe kwa kujua kukokotoa. Katika kitabu chake cha mwaka 1999, mtafiti Liping Ma alilinganisha walimu wa shule za msingi, 72 wa China na 23 wa Marekani. Aliwapa swali la 1¾ gawanya kwa ½, na kuwataka watunge hadithi inayohitaji hesabu hiyo. Wachina wote walipata jibu, 3½, na wengi mno walitunga hadithi sahihi. Kwa Wamarekani, chini ya nusu walikokotoa sawasawa, na mmoja tu alitunga hadithi inayokubalika. Baadhi yao walichanganya kugawanya kwa nusu na kugawanya kwa mbili. Mtego huo upo hata kwetu, na dawa yake iko dukani: sukari kilo moja na robo tatu, ukifunga pakiti za nusu kilo, utapata pakiti tatu na nusu.

Fomu ya andalio la somo ina nafasi ya umahiri, zana, hatua za ufundishaji na tathmini. Mara nyingi tunazijaza kwa ajili ya mkaguzi. Mwalimu mwenzangu, kabla ya kipindi cha kesho, ongeza mistari mitatu: watoto watakosea wapi, kwa nini kosa hilo linaonekana sahihi machoni pao, na utauliza swali gani ili walione wenyewe. Ukishindwa kuijaza, waulize walimu wenzako ofisini, au fungua madaftari ya mwaka jana. Makosa ya wanafunzi wako yamo humo, na ndiyo yatakayokuonyesha pa kuanzia.