Gari Moja la Majani, Habari Kumi na Sita



Wewe unaishi katika muji wa madini, unajua namna habari inavyotembea kwetu. Asubuhi mutu mumoja anasema pale kisimani: "Kule kuko mali, bana, mabwe ya kweli!" Saa sita habari imekwisha kufika sokoni. Magaribi vijana kumi wamefunga mizigo, na mumoja kati yao ameuzisha kinga ya baba yake kusudi apate makuta ya njia. Kisha majuma mawili wanarudi na njaa. Nani aliona yale mabwe kwa macho yake? Ukiuliza, kila mutu anasema alisikia kwa mwingine.

Leo ninataka kukuletea mutu mwenye alifanya kazi ya kuandika habari katika muji kama wetu, mbali sana na hapa, zaidi ya miaka 150 iliyopita. Alianza katika magazeti madogo, kisha akawa mwandishi wa vitabu mwenye kujulikana katika dunia yote. Katika uzee wake aliikumbuka ile kazi ya ujana, wala hakuficha makosa yake. Tena, ukisoma mpaka mwisho, utaona kwamba mutu huyu anatuhusu sisi Wakongomani kuliko unavyofikiri.

Mutoto wa nyumba ya kuchapisha

Jina lake la kuzaliwa ni Samuel Clemens. Alizaliwa mwaka wa 1835 katika jimbo la Missouri, inchi ya Marekani. Baba yake alikufa mwaka wa 1847, yeye akiwa na miaka 11. Haikupita siku nyingi, akawekwa kwa mwenye gazeti kusudi ajifunze kazi ya kuchapisha. Wakati ule herufi zilipangwa kwa mukono, moja moja, mpaka ukurasa ujae. Mushahara hapana. Alipewa chakula na nguo kuukuu za bwana wake. Anakumbuka kwamba bwana alikuwa mutu mukubwa wa mwili. Basi shati lilimufunika mutoto kama hema. Kisha akafanya kazi katika gazeti la yaya yake, Orion.

Alipokuwa kijana aliongoza masua za moshi juu ya muto Mississippi. Vita ya mwaka wa 1861 ikafunga ile kazi. Ndipo akaenda pamoja na Orion mpaka Nevada, pahali watu walipokuwa wakikimbilia madini ya feza yaliyogunduliwa mwaka wa 1859. Akachimba kama wengine, akakosa kama wengi. Lakini akiwa kule milimani alizoea kutuma barua za kuchekesha kwa gazeti moja la muji wa Virginia City, jina lake Territorial Enterprise. Mwaka wa 1862 gazeti likamwita kazini: dola 25 kwa juma. Mutu mwenye kushindwa na shimo atakataa namna gani? Akaweka sururu chini, akashika kalamu.

Siku ya kwanza

Mukubwa wa gazeti, Joseph Goodman, alimupa sharti moja zuri sana. Usiandike hata siku moja kwamba "inasemekana" ao "tumesikia". Nenda wewe mwenyewe kwa mutu mwenye kujua, umuulize mpaka upate kweli, kisha uandike wazi kwamba ni vile. Watu wakizoea kusoma "inasemekana", hawatategemea gazeti lako tena.

Kusema ni rahisi. Siku ile Clemens alizunguka muji kwa saa tano, akiuliza kila mutu. Hakuna mwenye kujua kitu. Daftari ilibaki nyeupe. Akarudi kwa Goodman na mikono mitupu. Goodman akamuuliza kama hakuna magari ya majani makavu yaliyoingia mujini, yale ya kulisha farasi. Dan, mwandishi mwingine wa gazeti lile, siku habari zilipokosekana, alijaza gazeti kwa majani. Clemens akatoka tena, akakuta gari moja tu, zee, linakokotwa polepole. Akalizidisha mara 16. Akaliingiza mujini kwa njia 16, akatoa habari 16. Watu wa Virginia City hawakupata kuona makelele ya namna ile juu ya majani!

Unacheka? Hata yeye alitaka tucheke. Lakini angalia vizuri. Asubuhi alipewa sharti la kweli, na kisha ndani ya gazeti mukaingia magari 15 yasiyokuwako. Uongo wa kwanza ulikuwa wa majani, na majani hayakuumiza mutu. Uongo uliofuata ulikuwa wa madini.

Futi za bure

Katika ule muji, sehemu ya mutu ndani ya shimo la madini ilihesabiwa kwa futi. Watu walinunua futi na kuziuzisha njiani kama unga sokoni. Mwenye kufungua shimo jipya alikwenda kwa mwandishi wa gazeti, akamupa futi 40 ao 50 bure, akamuomba aje kutazama shimo na kuandika neno. Hakujali neno gani, bora liandikwe.

Katika kitabu chake Roughing It, cha mwaka wa 1872, anaeleza wazi namna yeye na wenzake walivyofanya. Jiwe likiwa na mali kidogo, waliandika kama vile ni utajiri wa kushangaza. Shimo likiwa halina mali yoyote, walisifu njia iliyochimbwa chini ya udongo. Hata hiyo ikiwa haisifiki, walisifu kamba mupya ya chuma, mbao nzuri za mashini ya kuvutia, na mukubwa wa kazi, kwamba ni bwana mwenye adabu. Juu ya jiwe lenyewe hawakusema neno.

Umeona? Pale mwisho hapakuwa hata uongo mumoja. Kamba ilikuwa mupya kweli. Mukubwa wa kazi pengine alikuwa na adabu kweli. Uongo ulijificha katika jambo walilonyamazia. Na musomaji wa mbali, mwenye hawezi kuja kushuka shimoni, alisoma sifa, akatoa makuta yake.

Anakumbuka vilevile shimo lililoitwa North Ophir. Ndani yake watu waliona vipande vya feza safi, vyeusi kwa nje, kama vile vimetoka katika udongo wenyewe. Bei ya futi ikapanda. Kisha siku moja kipande kimoja kikaonekana na herufi juu yake: nusu ya jina la inchi ya Marekani, sawa linavyopigwa juu ya makuta yao. Ndipo watu wakaelewa. Wadanganyifu walikuwa wameyeyusha makuta ya feza, wakayapaka weusi, wakayachanganya na mabwe. Futi zikarudi kuwa makaratasi. Mwenye kununua mwisho ndiye aliyelia.

Habari yenye haikutoka

Mwaka wa 1863 alianza kuandika kwa jina la Mark Twain, na ndilo jina dunia inalolijua. Mwaka wa 1864 akatoka Nevada, akaenda San Francisco, akapata kazi katika gazeti la kila siku, Morning Call. Asubuhi tribinali, muchana kuzunguka muji, usiku nyumba za michezo. Aliichukia ile kazi.

Siku moja aliona wahuni wanafukuza Muchina mumoja na kumupiga mabwe. Yule Muchina alikuwa mufuaji; alibeba muzigo muzito wa nguo za juma za Wakristo waliomupa kazi. Polisi mumoja alisimama pale, akatazama kama mutu mwenye kutazama muchezo.

Mark Twain akarudi na moto ndani ya roho, akaandika yote aliyoyaona. Kesho yake akafungua gazeti: hakuna. Akaenda kwenye nyumba ya kuchapisha, akakuta maneno yake yamewekwa kando pamoja na vitu vya kutupwa. Mukubwa wa gazeti akamueleza sababu. Gazeti lile linanunuliwa na wamaskini. Wengi wao ni watu waliotoka Ireland, nao wanachukia Wachina. Gazeti haliwezi kupigana na watu wenye kulipa chakula chake.

Pale angeweza kuacha kazi. Hakuacha, sababu alihitaji mushahara. Alibaki, pamoja na haya yake. Kisha muda kidogo wakamuondoa. Mwaka wa 1906, akiwa muzee wa miaka 70, alisimulia maisha yake kusudi yaandikwe, na ile habari yenye haikutoka ilikuwa ingali inamuchoma. Miaka zaidi ya 40! Katika Nevada aliandika vitu asivyoviona, vikachapishwa. Katika San Francisco aliandika kitu alichokiona, kikatupwa. Mara zote mbili makuta ndiyo yaliyoamua.

Habari inafika kwetu

Mwaka wa 1905 Kongo ilikuwa mali ya mufalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Katika misitu ya Equateur wababu wetu walilazimishwa kuleta mupira, na kijiji kilichoshindwa kilipata mateso na mauti. Leopold alilipa waandishi wa magazeti kusudi wasifu kazi yake. Unakumbuka kamba mupya na bwana mwenye adabu?

Lakini wamisionere wa Kiprotestanti waliona kwa macho. Katika misheni ya Baringa alikuwako mama mumoja, Alice Seeley Harris, mwenye chombo cha kupiga picha. Mwaka wa 1904 baba mumoja, Nsala, alifika pale na mukono na muguu wa binti yake mudogo, aliyeuawa na walinzi wa kompani ya mupira. Mama Harris akamupiga picha akiketi, anatazama kile kilichobaki cha mutoto wake.

Mark Twain hakufika Kongo hata siku moja. Lakini safari hii hakuandika "inasemekana". Alisoma ushuhuda wa wale walioona, akatoa kitabu kidogo, King Leopold's Soliloquy, chenye picha za watu waliokatwa mikono. Ndani yake mufalme anajisemea peke yake, analalamika kwamba chombo cha picha ndicho shahidi mumoja tu aliyeshindwa kumununua. Faida ya kitabu ilitolewa kwa kazi ya kutetea watu wa Kongo. Mwaka wa 1908 Leopold alipokonywa Kongo. Haikuwa nguvu ya kitabu kimoja: kulikuwa wamisionere, kulikuwa Roger Casement na E. D. Morel, na kulikuwa Wakongomani wenyewe waliosimama mbele ya tume na kusema waliyoyaona. Mark Twain akafa mwaka wa 1910.

Na wewe?

Kijana, pengine hautakuwa mwandishi wa gazeti. Lakini uko na telefone mufukoni, na kila siku unatuma habari: picha, sauti, maneno ya fulani. Sharti la Goodman linakuhusu. Mbele ya kutuma, uliza: nani aliona? Siku jirani yako anapigwa mabwe juu ya kabila lake, utasema uliyoyaona, ao utanyamaza juu ya chakula?

Na siku mutu anakuja kukusifia shimo jipya, mbele ya kuuzisha kinga ya baba, muulize kwa upole: "Yaya, wewe walikupa futi ngapi?"

*Maulizo ya kuzungumuza nyumbani*

1. Ni habari gani ilitembea katika muji wetu mwaka huu, na kisha ikaonekana kuwa ya uongo? Nani alipata hasara?
2. Mark Twain alibaki kazini juu ya mushahara. Baba, mama: ninyi mungefanya nini? Mueleze watoto wenu.
3. Je, kunyamaza kunaweza kuwa uongo? Toeni mufano.