Mombasa Niliyoifundisha Bila Kuiona

Je, msomaji, wewe uliyezaliwa na kulelewa Nairobi, umewahi kufika Mombasa? Usione haya kusema hapana. Mimi nilifundisha historia miaka mingi, nikiwakaririsha wanafunzi kwamba Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka wa 1593, ilhali ngome yenyewe niliijua kwa picha tu. Kila likizo ilipofika, karo ilitangulia.

Mwishowe tulipanda treni, mimi na kitindamimba wangu. Tulishuka Miritini, tukaabiri matatu hadi kisiwani. Ndani ya ngome nikaanza somo langu la kawaida: Waarabu wa Oman waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698.

"Baba, na waliokuwa humu walikunywa maji gani?"

Nikababaika. Katika miaka yote hiyo swali hilo halikuwahi kunipitikia! Ilibidi tutafute jibu kwa miguu, tukalikuta birika ambalo Wareno walichimba ili kuhifadhi maji ya mvua. Binti yangu aliinama akalichungulia kwa muda mrefu. Mimi nilipapasa kuta za matumbawe, nikiwakumbuka wanafunzi wangu na tarehe zao.

Ukienda, nenda asubuhi, kwani jua la huko halina mzaha. Kisha pitia vichochoro vya Mji wa Kale, na jioni ukae Mama Ngina ule mihogo ya kukaanga kwa pilipili na ndimu. Wangu aliila yote, akaomba na yangu.