Barua na adabu zake

Barua ya serikali Tanzania ina mwendo wake. Nembo juu, “Kumb. Na.”, tarehe, “YAH:”, halafu moja kwa moja: “Husika na kichwa cha habari hapo juu.” Hakuna pole na kazi. Lakini karani huyohuyo akimwandikia baba yake mdogo aliyeko Tanga, hata kama kinachomsumbua ni ada ya mtoto, atatanguliza shikamoo. Atasema yeye ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwao walio mbali na upeo wa macho yake. Ada itasubiri aya ya pili.

Barua ya jamaa ina asili ndefu. Mwaka 1892 Mjerumani C. G. Büttner alichapisha barua za Waswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, na humo salamu na dua hutangulia hoja. Ile rasmi tuliirithi kwa Mwingereza, ila hatukuiacha kama ilivyokuja. Enzi za Ujamaa, mwandikiwa aliitwa “Ndugu”, awe waziri au tarishi, na barua ikafungwa kwa “Wako katika ujenzi wa Taifa”. Kenya ilibaki na “Wako mwaminifu”. Majirani wawili, lugha moja. Huyu anaahidi uaminifu kwa msomaji, yule anamkumbusha kwamba wote wako kazini kwa nchi.

Taabu huanza barua inapovuka mipaka. Mtanzania anamwandikia mshirika wake wa Berlin baruapepe: anatumaini familia haijambo, anampa pole ya baridi, anashukuru kwa ushirikiano, kisha chini kabisa anaomba ripoti. Mjerumani anasoma akijiuliza huyu anataka nini hasa. Anajibu kwa mistari miwili: ripoti imeambatishwa, asante. Dar es Salaam watu wanatazamana: tumemkosea nini? Mmoja ameonekana mzungushaji, mwingine ana kiburi, kumbe kila mmoja ametii alivyofunzwa. Kwa Mjerumani, kuokoa muda wa mwenzako ni heshima. Kwetu heshima ni kumjulia hali kwanza.

Dawa si kufuta salamu. Mstari mmoja unatosha, ombi lifuate papo hapo. Na jibu fupi lisihesabiwe kuwa tusi. Shuleni mwanafunzi hupata alama kwa kuweka anwani mahali pake. Aulizwe pia: atakayeisoma barua hii ni nani, na kwao adabu huanzia wapi?